Mchoro wa Fundi Redio

Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Usemi huu husikika sana panapochangwa fedha za arusi au za matanga, mahali ambapo kila mtu hukiona kilichotolewa na humjua aliyekitoa. Husikika kwa nadra panapokuwa na maarifa ya kugawiwa, na hasa yale maarifa ya mkono ambayo fundi huyapata kwa miaka mingi, kisha akayategemea kama mkulima anavyolitegemea shamba lake. Hapo kutoa huwa na sura nyingine. Aliyetoa fedha hupungukiwa, na watu humshukuru. Aliyetoa ujuzi hapungukiwi na kitu, lakini kesho yake mteja huwa amepata mlango wa pili wa kubisha. Kwa sababu hiyo mafundi wengi walio wakunjufu kwa kila kitu huwa wachoyo wa jambo moja tu, nalo ni lile walijualo.

Fundi redio mmoja wa Tunduma alikuwa mchoyo wa namna hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, na hakuna aliyemlaumu. Kibaraza chake kipo Majengo, na juu ya meza yake ya mbao, iliyojaa alama za kuungua, zimewahi kulazwa redio za kila kabila: za mbao na za plastiki, za kaseti na za sidii, za wakulima wa kahawa kutoka Mbozi na za wachuuzi waliovuka kutoka Nakonde. Rafu iliyo nyuma yake imejaa redio ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Baadhi yao walihama, baadhi walifariki, na wengi zaidi walinunua simu.

Tunduma ni mji wa kupita. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam huishia hapo upande wa Tanzania na kuendelea Zambia; reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, huvuka mpaka hapohapo; na bomba la mafuta lililofunguliwa mwaka 1968 hukatiza nchi hiyohiyo kuelekea Ndola. Mkoa wenyewe wa Songwe ni mchanga, kwa kuwa ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na makao yake yakawekwa Vwawa. Mwaka 2019 kilizinduliwa kituo cha pamoja cha forodha ili malori yasikaguliwe mara mbili. Hata hivyo foleni za malori ni jambo ambalo kila mkazi wa hapo analijua kama anavyoijua mvua. Kwa mtu aketiye kibarazani, dunia nzima hupita mbele yake ikiwa imefunikwa turubai.

Jumamosi moja alifika kibarazani hapo mpwa wake, binti wa dada yake, ambaye ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari wilayani Mbozi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Mwalimu. Leo umeniletea nini kilichokufa?"

"Sikuleta kilichokufa, mjomba. Nimeleta ombi."

Ombi lenyewe lilikuwa dogo. Alitaka vijana kumi na wawili, sita wa kike na sita wa kiume, wakusanyike kibarazani hapo kwa nusu siku ili washike vifaa vya umeme kwa mikono yao. Hakutaka hotuba wala mgeni rasmi. Alitaka chai, mihogo ya kuchemsha, na mwishoni kila kijana aondoke na zawadi ndogo ya kumwanzisha, kitu ambacho mtu asiyejua lolote anaweza kukifanya kikafanya kazi usiku uleule nyumbani kwao. Wanafunzi wake, alisema, waliijua kanuni ya Ohm kwa kichwa, na katika mtihani waliiandika bila kosa. Lakini siku alipoweka rezista moja juu ya meza na kuuliza ni nini, darasa zima lilinyamaza, hata kijana mmoja akakisia kuwa ni kidonge.

Mjomba alicheka, kisha akaacha kucheka. Kibaraza alikitoa palepale. Siku nayo haikuwa na ugumu: ingekuwa Jumamosi ya Septemba, kahawa ikiwa imekwisha kuchumwa na mitihani ya taifa ya Novemba ikiwa bado haijawakaba vijana koo. Ugumu ulikuja pale walipoanza kuandika orodha ya zawadi, na hapo ndipo ilipodhihirika kwamba hakuna jambo lifunualo moyo wa mtu kuliko kuulizwa atatoa nini.

Orodha ya kwanza aliiandika mwalimu. Juu kabisa palikuwa na Arduino, kile kibao kidogo kilichobuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi wasio wahandisi, ambacho leo kinatumika ulimwenguni kote kufundishia. Mjomba alikigeuzageuza kimoja alichokuja nacho mpwa wake, akakisifu kwa usafi wa lehemu yake, kisha akauliza swali moja tu.

"Hiki kinaamriwa na nini?"

"Na kompyuta, mjomba. Unaandika maagizo, unayatuma kwa waya."

"Na mtoto wa Mpemba kompyuta ataitoa wapi usiku huo?"

Mwalimu hakuwa na jibu. Mzee akamwambia kwamba zawadi inayomdai mpewa kitu kingine kabla haijamfaa si zawadi, bali ni deni lililofungwa kwenye karatasi nzuri. Mtoto ataiweka juu ya kabati, ataonyesha wageni, na baada ya mwezi atajiona kuwa yeye ndiye mjinga, kumbe aliyekosea ni mtoaji. Alifananisha na kofia na fulana zigawiwazo wakati wa kampeni: huvaliwa, hufifia, na hazimwachii mtu chochote kichwani ingawa zilikaa juu yake.

Orodha ya pili ilikuwa ya mjomba, nayo ilitoka katika maboksi yake ya mabaki: mota za mashine za sidii, spika ndogo, swichi, transista alizozinyofoa katika redio zisizo na wenyewe. Safari hii aliyekataa ni mpwa. Vitu hivyo vilikuwa vizuri, lakini havikufanana. Mmoja angepata mota na mwingine swichi tupu, na kabla ya chai kwisha wangekuwa wameshapangana nani kabahatika na nani kakosa. Mashindano yapo, alisema. Tangu mwaka 2019 serikali huendesha mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na ni jambo jema kwa wale waliokwisha kuanza. Huyu asiyejua kidonge na rezista hahitaji kushindana. Anahitaji kuwasha kitu kimoja, na mwenzake aliye kando awashe kilekile, ili wapate la kuzungumza njiani.

Baadhi ya vitu mzee mwenyewe aliviondoa bila kuombwa. Televisheni za zamani zenye kioo kinene alikataa zisiguswe kabisa, kwa kuwa ndani yake umeme mkali huweza kubaki hata baada ya waya kuchomolewa. Betri za lithiamu zitokazo katika kompyuta zilizokufa, ambazo vijana wengi huzikusanya, nazo alizikataa: zikiguswana vibaya au zikitobolewa huwaka moto usiozimika kwa urahisi. Hata chuma cha kulehemu alisema kitakuwa kimoja, mkononi mwake mwenyewe, dirisha likiwa wazi, na atakayeshika lehemu yenye risasi atanawa mikono kabla ya kushika muhogo. Alipokuwa akisema hayo, mpwa aliona kwamba mzee amekwisha kuingia katika jambo lile kwa miguu yote miwili, ijapokuwa mdomo wake ulikuwa bado unasitasita.

Waliafikiana mwishowe juu ya furushi moja la aina moja kwa kila mtu: betri ya volti 9, kishikizo chake, swichi, rezista moja, na kitaa kidogo chekundu cha ledi, kama kile kinachowaka kwenye chaja ya simu. Vitu hivi haviwatishi wazazi, na kwa kuwa vinakula umeme wa betri, hata TANESCO wakikata siku hiyo shughuli haitasimama. Tena ndani ya furushi hilo dogo mna somo zima. Kitaa kina miguu miwili, mrefu na mfupi. Mrefu huelekea upande chanya, na ukikigeuza hakiwaki, ila hakifi. Kitaa chekundu huridhika na volti 2 hivi. Saba zilizobaki lazima zipate pa kwenda, na kazi ya rezista ni kuzibeba: ikiwa ni ya omu 470, mkondo utakaopita utakuwa kiasi cha miliampia 15, nao ni mkondo ambao kitaa huuvumilia. Ukiiondoa rezista kwa pupa ya kutaka mwanga zaidi, kitaa hung'aa kwa kufumba na kufumbua, kisha huzima milele. Thamani yenyewe imeandikwa mgongoni mwa rezista kwa mistari ya rangi, njano, kisha zambarau, kisha kahawia. Anayejua kuisoma huisoma kama mtu asomaye jina la kanga kwenye upindo.

Wazee wa umri wa fundi huyu wana sababu ya kuiheshimu betri. Kiwanda cha Matsushita kilianza Dar es Salaam mwaka 1966, na mawe ya National yakawa ndiyo roho ya redio vijijini. Katika miaka ya shida mawe yalipoadimika, watu waliyaanika juani asubuhi ili jioni yapate nguvu kidogo ya kusikilizia taarifa ya habari. Fundi alikuwa kijana wakati huo, na alisema kwamba hapo ndipo alipoanza kuuliza: jua linaingiaje ndani ya jiwe? Jua haliingii, joto huichangamsha tu ile kemia iliyochoka. Lakini lile swali, ingawa lilikosea, ndilo lililompeleka Mbeya kutafuta wa kumfundisha.

Mwalimu alikuwa na njia yake ya kulifungua somo. Alitaka vijana kwanza wasimame kando ya barabara na kuyatazama malori yashukayo kutoka Zambia na Kongo yakiwa na mabamba ya shaba. TAZARA yenyewe, iliyoanza kujengwa mwaka 1970, ilijengwa hasa ili shaba ya Zambia ipate njia ya kufika Dar es Salaam bila kupitia kwa makaburu wa kusini. Shaba hiyo huenda bandarini, husafiri baharini, huvutwa ikawa nyaya, na baadhi yake hurudi Tunduma ikiwa ndani ya chaja, redio na simu. Katika wilaya ya Songwe, ndani ya mkoa huohuo, upo mlima Ngualla wenye madini adimu, miongoni mwake neodimiamu, itumikayo kutengenezea sumaku kali zilizomo katika spika ndogo za masikioni. Mwaka 2023 serikali ilitia saini mkataba wa kuyachimba. Na huko Mbozi kipo kile kimondo maarufu, bonge la chuma lenye nikeli, urefu wake kama mita 3, lililoanguka kutoka mbinguni pasi na kumwomba mtu ruhusa.

"Kwa hiyo, mjomba," alisema, "kila kitu kinachoingia ndani ya redio ama kimo ardhini kwetu, ama kinapita mlangoni kwetu, ama kimetuangukia. Kinachokosekana ni kimoja."

Mzee alijua kinachofuata, akajifanya kutafuta bisibisi.

Kilichokosekana kilikuwa ndani ya mtoto wa meza, kimefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Lilikuwa daftari. Kwa miaka zaidi ya thelathini fundi alikuwa ameandika humo kila ugonjwa aliouponya: redio isiyosema lakini inaunguruma, redio inayosema ikipigwa kofi, redio inayokata mchana na kurudi usiku; na kando ya kila ugonjwa palikuwa na mchoro, waya kwa waya. Mpwa aliomba mchoro mmoja tu, ule ulio rahisi kuliko yote, atoe nakala kumi na mbili ziwekwe ndani ya mafurushi. Betri na kitaa vitakwisha, alisema, lakini mwenye mchoro atanunua vingine.

Mzee alikataa. Hakukataa kwa hasira. Alisema tu kwamba vitu atatoa, muda atatoa, na kibaraza ni chao, ila daftari halitoki mezani.

Ndipo mpwa alipotamka neno ambalo alilijutia palepale. "Mjomba, unalinda mlango wa nyumba ambayo hakuna mwizi anayeitaka."

Neno lilikuwa kali kwa sababu lilikuwa la kweli. Wateja wa redio walikuwa wamebaki wachache, tena wazee. Hakuna hata mmoja kati ya watoto wake aliyeishika kazi ile. Vijana wa simu walio ng'ambo ya barabara walikuwa hawana haja ya daftari lake, na macho yake yenyewe yalikuwa yameanza kuiona njano kuwa nyeupe, jambo ambalo kwa msoma rezista ni sawa na karani kusahau tarakimu. Mpwa aliomba radhi. Mzee alimwambia hakuna radhi ya kuomba, akafunga duka mapema kuliko kawaida.

Baada ya wiki mbili ndipo alipomsimulia kisa ambacho hajapata kumsimulia mtu. Alipokuwa mwanagenzi huko Mbeya, mwalimu wake alimfagilisha duka kwa mwaka mzima kabla ya kumruhusu kushika koleo. Alijifunza kama walivyojifunza mafundi wengi wa nchi hii, wa redio kwa wa majahazi: kwa kuiba kwa macho. Siku moja, baada ya kumbembeleza sana, bwana yule alimchorea mchoro wa kipaza sauti kidogo cha transista mbili. Kijana aliurudisha nyumbani kama hirizi. Akauza kuku, akanunua vipuri, akaunga kila waya kama alivyochorewa. Transista ikapata moto mkononi mwake na kufa. Akanunua nyingine, ikafa. Ya tatu nayo ikafa. Alijiona mjinga asiyefaa kwa kazi ile, na nusura arudi kulima. Mwaka mmoja baadaye, alipokuwa akitupa kibao cha redio mbovu jalalani, macho yake yalitua kwenye mpangilio uleule, na hapo akaona kwamba palikuwa na rezista moja zaidi, ndogo, mlangoni mwa transista. Mwalimu wake alikuwa ameiacha kwa makusudi.

"Alinipa mchoro," mzee alisema, "lakini alibakiza ufunguo mfukoni. Na mimi nikaapa: sitamdanganya mtu namna hiyo. Basi nikaona njia ya kutodanganya ni kutotoa kabisa."

Mpwa naye alimjibu kwa kisa. Mnamo tarehe 5 Machi 1975, mwaka uleule reli ya TAZARA ilipomaliza kutandikwa hadi Kapiri Mposhi, watu kama thelathini walikusanyika katika gereji ya nyumba ya Gordon French huko Menlo Park, California, nje mvua ikinyesha. Walikuwa wapenzi wa vifaa vya umeme, waliovutwa na habari za kompyuta ndogo ya Altair iliyouzwa kama vipuri vya kuunganisha mwenyewe. Chama chao kikaitwa Homebrew. Mmoja wao, Steve Wozniak, alipobuni kompyuta yake mwenyewe aliwagawia wenzake nakala za michoro bila malipo, atakaye aunde. Kompyuta hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Apple ya kwanza.

Mzee alisikiliza kwa makini, akauliza kama hakutokea mtu wa kulalamika. Mpwa, kwa kuwa ni mkweli, alisema alitokea. Mwezi Februari 1976 kijana aitwaye Bill Gates aliwaandikia wapenzi hao barua ya wazi, akiwashutumu kwa kunakili programu aliyoiandika kwa jasho bila kumlipa, na akauliza ni nani atakayefanya kazi ya kitaalamu kwa bure.

"Huyo bwana ana haki," alisema mzee upesi.

"Ana haki, mjomba."

"Na yule aliyegawa michoro? Alikufa maskini?"

"La. Hakupata kuwa maskini."

Walikaa kimya. Ni kweli kwamba pande zote mbili zilikuwa na hoja, na ulimwengu wa kompyuta haujamaliza kulihukumu shauri hilo mpaka leo. Anayetaka kulipwa kwa kazi yake si mchoyo. Ni mtu mwenye watoto. Lakini ipo tofauti kati ya kuuza kazi na kuufungia mlango wa kuianza. Aliyelipisha redio iliyopona alikula haki yake. Aliyemwachia mwanafunzi pengo ndani ya mchoro hakulinda haki yoyote. Alitengeneza ujinga kwa mikono yake, na ujinga huo ukamgharimu maskini mwenzake kuku watatu.

Kuna jambo jingine, nalo lapatikana jirani kabisa. Ukivuka mto Songwe kutoka Ileje unaingia Malawi, nchi ambayo kijana William Kamkwamba, mwaka 2002, akiwa na miaka 14 na akiwa ameacha shule kwa kukosa ada baada ya njaa kuu, aliunda kinu cha upepo kwa dainamo ya baiskeli na mabaki ya vyuma, akawasha taa nyumbani kwao huko Wimbe. Dunia imemsifu kwa kinu, na anastahili. Lakini kabla ya kinu palikuwa na kitabu katika maktaba ndogo ya shule ya msingi, na kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa bado hafifu, alikifuata kitabu hicho kwa michoro yake. Aliyeuchora mchoro ule hakumjua Kamkwamba, wala hakujua Wimbe iko wapi. Alichofanya ni kuuchora wote, bila kubakiza waya.

Tunduma yenyewe ilikwisha kuandikwa magazetini kwa ajili ya fundi. Mwaka 2016 zilienea habari za Adam Kinyekile, makanika wa mjini hapo, aliyekuwa akiunda helikopta kwa mikono yake. Watu walistaajabu, na si vibaya kustaajabu. Ila ajabu ina tabia ya kumweka mtazamaji mbali: humfanya aseme kwamba yule ana kipaji, mimi sina. Kitaa chekundu cha ledi hakimstaajabishi mtu yeyote. Hakuna mwandishi wa habari atakayesafiri kukiona. Lakini kwa kuwa ni kidogo, hakimwachii anayekitazama kisingizio cha kusema kwamba hawezi.

Haya yote huenda yalipita moyoni mwa mzee, au hayakupita. Watu wa kazi ya mikono hawapendi kueleza walivyobadilika. Lijulikanalo ni kwamba Ijumaa, siku moja kabla ya vijana kuja, mpwa alifika jioni kufunga mafurushi na akamkuta amekwisha kuwasha taa ya meza. Daftari lilikuwa wazi. Hakutaka nakala za mashine. Alikuwa anachora kwa kalamu ya risasi na rula, karatasi moja baada ya nyingine, na chini ya kila mchoro alikuwa ameandika kwa Kiswahili cha herufi kubwa jina la kila kifaa, mguu upi ni mrefu, rangi zipi zifuatane, na nini kitatokea ukikosea. Kipengele hicho cha mwisho ndicho alichokiandika kwa urefu zaidi.

Kazi ilichelewa kwisha kwa sababu ya tabia moja aliyoishika usiku ule. Kila alipomaliza mchoro hakuuweka ndani ya furushi. Aliuweka mbele yake, akafungua furushi ambalo ungefungwa nalo, akaunga vifaa kwa kuufuata mchoro huohuo, kidole kikitembea juu ya mstari kama mtoto wa chuo atembezaye kidole juu ya aya, huku akijisahaulisha kwamba anaijua sakiti ile kuliko jina lake. Kitaa kilipowaka, alikichomoa, akarudisha kila kitu, akafunga, akachukua karatasi inayofuata.

"Mjomba, ni mchoro uleule," mpwa alimwambia baada ya wa tano. "Ukiwa mmoja umewaka, yote itawaka."

"Uleule kwangu," alijibu bila kuinua macho. "Kwa huyu atakayeupokea ni mmoja tu."

Mpwa hakusema tena. Alivuta kigoda, akaanza kumsomea rangi za rezista ili asiyachoshe macho yake: njano, zambarau, kahawia, njano, zambarau, kahawia. Nje malori yalikuwa yamezima injini yakingoja asubuhi, na shaba yao ndani ya turubai. Kibarazani kitaa chekundu kiliwaka na kuzimwa, kikawaka na kuzimwa, mara kumi na mbili.